Kabla Hujatuma Karo ya Uhasibu: Kozi Ipi Inakufaa, na Itakugharimu Pesa Ngapi Hadi Mwisho

Simu za aina hii huongezeka kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka. Mpigaji anaongea haraka. Ametuma pesa za "usajili wa CPA" kwa nambari ya mtu aliyempata kwenye kikundi cha WhatsApp. Mtu huyo alimwambia nafasi ni chache na ofa inaisha saa sita usiku, na sasa simu yake haishiki. Anaomba tumrudishie pesa. Tunaangalia na kukuta zilitolewa kwa wakala dakika chache tu baada ya kuingia. Hapo tunabaki kuifunga akaunti ile na kumwelekeza mteja wetu kituo cha polisi, na kusema kweli hiyo si habari ambayo mtu hupenda kusikia akiwa ameuza mbuzi wa nyumbani.

Lakini kuna hasara nyingine ambayo haipigiwi simu. Mtu amelipa kihalali, kwa chuo halali, kozi isiyomfaa. Alitaka kujua tu kama duka lake linaleta faida, akajisajili kozi ya miaka mitatu. Au alitaka kazi ya karani wa hesabu, akalipia kozi ya mtandaoni ya wiki mbili ambayo hakuna mwajiri anayeitambua. Pesa hizo hazirudishwi na mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyeiba. Ndiyo maana tumeamua kuandika haya. Sisi hatuuzi kozi na hatulipwi na chuo chochote. Tunachoona ni pesa zikipita, na tunaona zinapopotelea.

Anza na swali la "ya nini?"

Neno "uhasibu" linabeba watu wengi tofauti. Kuna mwenye biashara anayetaka kujua pesa zake zinaenda wapi. Kuna anayetafuta kazi ya kuandika hesabu katika hoteli, Sacco, shule au kampuni ndogo. Na kuna anayetaka kuwa mhasibu kamili, wa kutia sahihi na kukagua hesabu za wengine. Watatu hawa hawahitaji kozi moja, na gharama zao hazikaribiani hata kidogo.

Wengi wanaotuandikia ni wa kundi la kwanza, ingawa mara nyingi wao wenyewe hawajui. Wanasema wanataka "kusomea CPA". Ukiwauliza zaidi, shida ni kwamba till inaonyesha pesa nyingi lakini mwisho wa mwezi hakuna kitu. Kwa hivyo tutakaa hapo kidogo.

Duka ambalo lina pesa lakini linakula mtaji

Tuseme una duka la vipodozi. Mwezi umeisha, unafungua taarifa ya till yako unaona zimeingia shilingi 186,000. Mauzo ya pesa taslimu, yale uliyoandika kwenye daftari, ni 41,000. Unajumlisha unapata 227,000 na unafurahi.

Subiri kwanza. Katika zile 186,000, kuna 20,000 ulizopewa na chama kama mkopo, wakazituma kwa till kwa sababu ndiyo nambari waliyokuwa nayo. Huo mkopo si mauzo, ni deni. Kwa hivyo mauzo halisi ni 166,000 ukiongeza 41,000, yaani 207,000.

Sasa bidhaa. Mwezi ulipoanza ulikuwa na mzigo wa 60,000 kwenye rafu, ukanunua mwingine wa 158,000, na ulipohesabu mwisho wa mwezi ukakuta umebaki mzigo wa 52,000. Bidhaa zilizouzwa basi zilikugharimu 60,000 na 158,000 ukitoa 52,000, ambayo ni 166,000. Ukitoa hizo kwenye mauzo, unabaki na 41,000. Hiyo ndiyo faida kabla ya gharama za kuendesha duka.

Kodi ya chumba 9,000, msaidizi 12,000, umeme 2,300, usafiri wa mzigo 4,000, na ada za kutuma na kutoa pesa 1,700. Jumla 29,000. Faida ya mwezi ni shilingi 12,000.

Na karo ya mtoto uliyolipa moja kwa moja kutoka kwa till, shilingi 22,000? Hiyo si gharama ya duka. Ni pesa ulizojitolea wewe mwenyewe kama mwenye duka. Ulipata 12,000, ukachukua 22,000.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Ukihesabu pesa zilizoingia na kutoka, ziliingia 227,000 na zikatoka 158,000, 29,000 na 22,000, jumla 209,000. Kwa hivyo mwisho wa mwezi una 18,000 zaidi ya ulizoanza nazo. Ukiangalia simu unaona mambo ni sawa. Lakini unadaiwa na chama 20,000 ambazo hukuwa unadaiwa mwanzoni, na mzigo kwenye rafu umepungua kwa 8,000. Toa hizo kwenye zile 18,000: umerudi nyuma kwa shilingi 10,000. Ni zile zile 10,000 ulizochukua zaidi ya faida. Hesabu zinakubaliana kutoka pande zote mbili, na hiyo ndiyo sababu wahasibu huandika kila kitu mara mbili.

Kama umefuata mfano huo, umeshagusa kiini cha utunzaji hesabu: kutofautisha mauzo na mkopo, bidhaa iliyouzwa na iliyonunuliwa, gharama ya biashara na matumizi ya nyumbani. Kilichobaki ni mazoezi. Kwa hayo huhitaji kulipa karo ya chuo. OpenLearn, jukwaa la masomo ya bure la Open University ya Uingereza, lina kozi ya kuanzia utunzaji hesabu na uhasibu inayokadiriwa kuchukua saa nane hivi, na ukimaliza wanakupa hati ya kuonyesha kuwa ulishiriki. Mifano yake ni ya pauni na sheria za kwao, na lugha ni Kiingereza, lakini debiti na krediti hazibadiliki ukivuka bahari. Gharama yako ni bando za intaneti na daftari la mistari.

Kuna kitu kimoja ambacho kozi ya Uingereza haitakufundisha, nacho ni KRA. Duka la mfano wetu, kwa mauzo ya 207,000 kwa mwezi, litauza kama 2,484,000 kwa mwaka. Biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 lakini isiyozidi milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye kodi ya mauzo, ile TOT, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Hutozwa kwa mauzo yote, si kwa faida, na hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Asilimia 3 ya 207,000 ni 6,210. Yaani kwenye faida ya 12,000, zaidi ya nusu imeenda.

Anayejua hesabu zake ana njia nyingine. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki kuwa kwenye TOT, ili atozwe kodi ya kawaida ya mapato, ambayo huangalia faida. Mtu ambaye faida yake ya mwaka ni 144,000, na hana mapato mengine, yuko chini ya kiwango ambacho nafuu ya kodi ya mtu binafsi hufuta kodi yote, kwa kuwa 24,000 za kwanza za kila mwezi hutozwa asilimia 10 na nafuu ni 2,400. Lakini ni lazima uthibitishe gharama zako, kwa ankara za eTIMS na rekodi ulizohifadhi kwa miaka mitano. Usiruke kufanya hivyo bila kuongea na wakala wa kodi mwenye leseni. Tunachosema ni kwamba daftari lililoandikwa vizuri linaweza kukuokolea shilingi 6,210 kila mwezi, na hakuna cheti kilichohusika hapo.

Ukitaka kazi, ngazi ziko hivi

Sasa tumgeukie anayetafuta ajira. Huyu anahitaji karatasi ambayo mwajiri ataisoma na kuitambua. Hapa Kenya, jina linalotambuliwa na karibu kila mwajiri katika kazi hii ni kasneb, bodi ya mitihani iliyoanzishwa mwaka 1969. Wageni wengi husikia CPA pekee, lakini kasneb ina ngazi zaidi ya moja, na za chini ndizo nafuu.

Ya chini kabisa kati ya tunazozungumzia ni cheti cha uhasibu na usimamizi kinachoitwa CAMS. Kimekusudiwa mtu wa kutunza hesabu za msingi na kuendesha biashara ndogo au kusimamia kazi za ofisini. Ni mlango wa walio na alama ambazo hazifiki ngazi inayofuata. Hiyo inayofuata ni ATD, diploma ya mafundi wa uhasibu, ambayo huhitaji wastani wa C- katika KCSE. Halafu kuna CPA yenyewe, ambayo huhitaji C+ au sifa nyingine inayokubalika, na ATD ni mojawapo ya hizo. Kwa hivyo aliyepata C- hajafungiwa nje ya CPA. Anapitia ATD, na akifika anakuwa tayari na diploma mkononi.

Hilo la mwisho tungependa ulifikirie kwa makini, hata kama una C+ yako. CPA ina viwango vitatu: Foundation, Intermediate na Advanced. Foundation peke yake ni karatasi sita, na si zote ni za kuandika hesabu. Kuna uhasibu wa fedha, ndiyo, lakini pia kuna mawasiliano, sheria, uchumi, hesabu za takwimu na teknolojia ya habari. Intermediate ni sita tena, na hapo ndipo unapokutana na kodi, ukaguzi na sheria za kampuni. Karatasi moja hupitwa kwa alama 50.

Tuseme familia inaweza kukulipia mwaka mmoja na nusu, baada ya hapo ni zamu ya mdogo wako. Ukianza CPA ukakwama baada ya Foundation, umejifunza mengi lakini huwezi kujiita CPA, na itabidi umweleze kila mwajiri ulichofanya. Ukianza na ATD ukaimaliza, una diploma kamili ambayo tangazo la kazi litaitaja kwa jina. Unafanya kazi, unajilipia CPA mwenyewe pole pole. Njia hii ni ndefu zaidi. Kwa mtu ambaye pesa zake hazina uhakika, sisi tungeichagua. Kwa mwenye mdhamini wa uhakika na C+ nzuri, kwenda CPA moja kwa moja kunaokoa muda.

Kuna pia vyuo vya kiufundi vya serikali. Kabete, Kisumu, Eldoret, Kisii, Meru, Nyeri, Kenya Coast kule Mombasa, vyote ni politekniki za taifa, na karibu kila kaunti ina chuo cha kiufundi kinachofundisha uhasibu katika ngazi ya cheti au diploma. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi anayepangiwa nafasi kupitia KUCCPS anaweza kuomba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, jambo ambalo hupunguza sana kile anachotoa mfukoni. Mtu mwenye D ambaye hana mdhamini aanze kwa kuangalia huko kabla ya chuo chochote cha kibinafsi mjini. Ila kumbuka mkopo wa HELB ni mkopo. Hurudishwa, na ukichelewa kuna faini.

Na ACCA? Ni ya Uingereza, ya tangu 1904, na inajulikana sana ng'ambo. Ngazi zake za chini zinazoanzia na karatasi za FA1 na MA1 hazidai alama yoyote ya KCSE, na mitihani hiyo hufanywa kwenye kompyuta wakati wowote ukiwa tayari. Hilo huvutia wengi. Shida ni kwamba kila kitu hulipwa kwa pauni: kujisajili, kila mtihani, na ada ya uanafunzi ya kila mwaka. Shilingi ikishuka, karo yako inapanda na wewe hujafanya lolote. Kama mpango wako ni kazi Dubai au Doha, au kampuni ya kimataifa Nairobi, inaweza kufaa. Kama mpango ni kuandika hesabu za hospitali ya misheni kule Webuye, unalipia jina ambalo hutalitumia.

Malipo ni mawili, si moja

Hapa ndipo wanaoanza hushangaa zaidi, kwa hivyo tusiharakishe. Ukisomea kozi ya kasneb, kuna anayekufundisha na kuna anayekutahini, na hao ni watu wawili tofauti. Chuo hulipwa karo ya masomo. Kasneb hulipwa ada ya kujisajili, ada ya mitihani, na ada ya kuhuisha usajili kila mwaka. Bango linapoandika "CPA kwa bei nafuu", mara nyingi bei hiyo ni ya masomo ya muhula mmoja pekee. Mzazi anajikakamua kulipa, halafu miezi michache baadaye kijana anarudi nyumbani kusema anahitaji pesa za mtihani. Ugomvi mwingi wa familia umeanzia hapo, na wakati mwingine kijana hakuwa anadanganya.

Kwa hivyo ukipiga simu chuoni, uliza kwa maneno haya haya: "Karo hii inajumuisha ada ya kasneb au la?" Uliza pia ni kwa muhula au kwa kiwango kizima, na kama nikianguka karatasi moja nitalipia tena masomo yake. Halafu fungua tovuti ya kasneb uangalie ada zao za sasa, kwa sababu hubadilika, na picha inayozunguka WhatsApp inaweza kuwa ya mtaala wa zamani. Mtaala ulibadilishwa mwaka 2021. Anayekutajia CPA ya sehemu ya kwanza, "section 2" na kadhalika anaongea mambo ya zamani, na vitabu anavyokuuzia huenda pia ni vya zamani.

Kwa kuwa malipo ni mawili, unaweza kulipunguza moja. Kasneb haikulazimishi kupitia chuo. Unaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, usome mwenyewe, ulipe upande wa mitihani tu. Hiyo ndiyo njia rahisi zaidi kwa bei, na watu wanaofanya kazi huitumia sana. Pia si lazima ukalie karatasi zote za kiwango kwa mara moja. Unaweza kuchukua mbili awamu hii, mbili ijayo. Mitihani hufanywa mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba, na usajili wa kila awamu hufungwa mapema kabla ya mitihani yenyewe.

Lakini tusikudanganye kwamba kusoma mwenyewe ni rahisi. Karatasi kama mawasiliano au sheria unaweza kuisoma kwenye matatu. Uhasibu wa fedha na hesabu za takwimu ni kitu kingine, hasa kama uliacha shule miaka kumi iliyopita. Wengine hulipia mwalimu wa karatasi hizo mbili pekee na zilizobaki wakajisomea. Tunaona huo ni mpango wa busara, kwa sababu kuanguka nako kuna bei: ada ya mtihani unairudia yote, na miezi minne imepita.

Ongeza na yale yasiyoandikwa kwenye bango. Nauli ya kwenda kituo cha mtihani na pengine kulala mjini. Kikokotoo kinachoruhusiwa. Vitabu vya marudio. Kompyuta, ya kuazima au ya saiba, maana siku hizi mwajiri atakuuliza kama unajua Excel na QuickBooks kabla hajauliza jina la chuo chako. Kuhusu QuickBooks, usilipe elfu kadhaa kwa "kozi ya programu" kabla hujaangalia mafunzo ya mtandaoni ya kampuni yenyewe. Yapo ya bure, pamoja na mtihani na cheti cha kidijitali kwa wanaofungua akaunti ya wahasibu.

Chukua karatasi, andika gharama zote hizo hadi siku ya kumaliza, si hadi mwisho wa muhula wa kwanza. Gawanya kwa miezi. Kama jibu ni kubwa kuliko unachoweza kutenga bila kugusa chakula na kodi ya nyumba, punguza kasi au shuka ngazi moja. Tafadhali usilipe karo kwa mkopo wa simu wa siku 30. Sisi ni kampuni ya pesa za simu na tunasema hivyo: mkopo ule ni wa kununua mzigo utakaouzwa wiki ijayo. Diploma haiwezi kukulipa ndani ya siku 30.

Wakati wa kutuma

Chuo chochote cha kiufundi au biashara, cha serikali au binafsi, lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, na orodha iko kwenye tovuti yao. Tafuta jina lote la chuo, si kifupisho chake, kwa sababu matapeli hupenda majina yanayofanana. Kuwa na ofisi ya ghorofa ya tatu na bendera mlangoni si usajili.

Lipa kwa nambari ya biashara iliyoandikwa kwenye barua rasmi ya kujiunga, na kabla hujaweka PIN soma jina linalojitokeza. Likiwa jina la mtu, simama. Ada za kasneb hulipwa kupitia akaunti yako ya mwanafunzi mtandaoni, unayoifungua wewe mwenyewe. Hakuna "ajenti wa kasneb" anayehitaji PIN yako au nambari ya siri iliyotumwa kwa ujumbe. Kwenye sehemu ya akaunti weka nambari yako ya usajili, si jina lako wala neno "karo". Pesa nyingi hukwama chuoni kwa sababu mhasibu wao hajui ni za nani. Kama mzazi au mjomba ndiye anayelipa, mtumie nambari hiyo kwa maandishi. Usimsomee kwa simu.

Hifadhi ujumbe wa uthibitisho hadi upate risiti ya chuo. Na ukigundua umetuma kwa nambari isiyo sahihi, tupigie mara moja kabla hata hujampigia aliyepokea. Pesa ambazo bado ziko kwenye akaunti tunaweza kuzizuia wakati tunachunguza. Zikishatolewa kwa wakala, mambo yanakuwa yale tuliyoanza nayo hapo juu.

Jambo moja kuhusu kundi la tatu, wale wanaotaka kufika mwisho kabisa. Kumaliza mitihani ya CPA si mwisho wa safari. Kukagua hesabu za kampuni na kuzitia sahihi ni kazi ya aliyesajiliwa na ICPAK, chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008, na akapewa cheti cha kufanya kazi hiyo. Usajili huo una ada zake na masharti ya uzoefu. Ukikutana na mtu anayekuambia atakutilia sahihi hesabu za duka lako ili upate mkopo, mwombe nambari yake ya ICPAK, kisha uitafute kwenye orodha ya wanachama iliyo wazi kwenye tovuti yao.

Na kama wewe ni yule wa duka la vipodozi, omba taarifa ya till ya miezi mitatu kutoka kwenye menyu yetu, ichapishe, na uchukue kalamu mbili za rangi. Rangi moja kwa mauzo, nyingine kwa kila kitu ambacho si mauzo: mkopo, pesa za chama, rafiki aliyerudisha deni. Kazi hiyo huchukua jioni moja, na utaanza kozi yoyote utakayochagua ukiwa tayari na hesabu zako mwenyewe za kufanyia mazoezi.